Rekodi za mita 100 tuziamini vipi? Dogo wangu kaniuliza swali hapa Tanga nikakosa jibu

Kocha_Mikanjuni

Wadau habari za jioni, wakubwa shikamooni. Niko Tanga mjini, nafundisha mbio vijana wa mtaani na wa shule moja ya sekondari, si kazi ya kulipwa ni mapenzi tu. Kuna jambo linanikera tangu Jumamosi na naomba mnisaidie kwa dhati maana kuna mtoto anasubiri jibu langu.

Iko hivi. Nina kijana wa miaka 17, mrefu, mkimya, anakimbia peku, viatu nilimpa akavaa siku mbili akanirudishia anasema vinambana vidole. Jumamosi tulikuwa na mashindano madogo ya kujipima kabla ya UMISSETA, ile michezo ya shule za sekondari, uwanja wa nyasi, mistari ya chokaa, filimbi basi. Mita 100 wavulana. Mi nimesimama mwisho na simu yangu nimeweka saa, mwalimu mwenzangu yupo kule mwanzo na filimbi. Dogo alivyotoka sikuona cha ajabu, alichelewa hata, lakini kufika katikati akanyanyua kifua na miguu ikaanza kupiga chini unasikia kabisa pa-pa-pa-pa kwenye nyasi, wenzake wakawa kama wanarudi nyuma. Nikabonyeza. 10.3. Nikafuta kioo cha simu kwa shati nikaangalia tena. 10.3.

Badala ya furaha yakaja maneno. Walimu wa timu nyingine wakamzunguka, mmoja anamwambia fungua mdomo tuone magego, kijeba huyu, mwingine anasema hapana kijeba hawezi kukimbia hivi, huyu kapewa kitu, siku hizi vidonge viko kila duka. Cheti chake cha kuzaliwa nimekishika kwa mkono wangu, mama yake namjua, na chakula chake nakijua maana uji wa asubuhi anakunywa kwangu. Mtoto hakujibu neno, akaenda kukaa chini ya mwembe jezi begani. Nilipomfuata akaniuliza, mwalimu, hata Bolt walimwambia hivi?

Nikamwambia ndiyo, walimwambia. Akanyamaza kidogo akauliza tena, na ilikuwa kweli?

Hapo ndo nimekwama jamani. Mi 1988 nilikuwa darasa la tano, Ben Johnson alipokimbia 9.79 Seoul tulikuwa tunamuigiza uwanjani shuleni, kila mtu anataka yeye ndo awe Johnson, hazikupita siku tatu tukaambiwa mkojo wake umekutwa na stanozololi, dawa ya kujenga misuli, medali kanyang'anywa kapewa Carl Lewis wa 9.92. Baadaye na ile 9.83 ya Roma 1987 ikafutwa maana alikiri mwenyewe kwenye tume ya uchunguzi kule Kanada. Tangu siku ile namba yoyote kubwa naiangalia kwa jicho la wasiwasi. Ila rekodi ya dunia ya Usain Bolt wa Jamaica, 9.58 Berlin 2009, naiamini, na nikijiuliza kwa nini naiamini sina hoja, nina mapenzi tu. Siwezi kumjibu mtoto kwa mapenzi. Nisaidieni, mnatumia kipimo gani kuamini au kutoamini?


Chuma_cha_Pongwe

Kocha pole na hongera kwa kazi. Mi nitakwambia ninavyoona na naomba usichukie. Mwambie mtoto ukweli mapema, hii mita 100 ya kimataifa imeoza.

Hebu tuhesabu. Tim Montgomery 9.78 Paris 2002, rekodi ya dunia, imefutwa. Justin Gatlin 9.77 Doha 2006, imefutwa, testosteroni, akafungiwa akarudi na 2015 akakimbia 9.74 na 2017 London akawa bingwa wa dunia ana miaka 35. Tyson Gay 9.69, alikutwa na dawa 2013. Asafa Powell aliyekuwa na rekodi kabla ya Bolt, 2013 hiyo hiyo. Yohan Blake 9.69, alikaa nje miezi mitatu 2009. Nesta Carter 9.78, mkojo wake wa Beijing 2008 ulipimwa upya miaka minane baadaye ukakutwa na kitu, na ndo maana Bolt mwenyewe alinyang'anywa dhahabu ya vijiti. Sasa niambie, wote hawa wana kesi, halafu mtu mmoja safi kawapiga wote, tena anageuka kuangalia pembeni na kujipiga kifua kabla hajafika mstarini. Mi akili yangu inakataa.

Na msiniambie hajawahi kukutwa. Marion Jones naye hakuwahi kufungiwa kwa kipimo hata kimoja miaka yake yote ya ushindi, alipimwa akapita, akapimwa akapita, mpaka 2007 alipokiri mahakamani na medali zake tano za Sydney zikarudi. Ile dawa ilitengenezwa maalumu ili mashine isiione. Jamaica nako, 2013 aliyewahi kuongoza shirika lao la kupima alieleza wazi kwamba miezi ya kabla ya Olimpiki ya London walipima nje ya mashindano mara moja tu. Mara moja! Nchi yenye watu wenye kasi kuliko wote duniani.

Kwa hiyo mi kipimo changu kifupi, namba ikinishangaza siiamini mpaka ipite miaka ishirini.


Nahodha_Sahare

Assalaam aleykum. Mi si mtu wa riadha, mi ni mtu wa bahari, naenda na ngalawa hapa Sahare tangu nina miaka kumi na miwili, ila mwanangu ni mpenzi wa mbio na huwa tunaangalia wote kwenye simu yake. Nataka kusema juu ya upepo maana naona mmekimbilia dawa na upepo mmeuacha.

Ile rekodi ya wanawake ya mita 100, Florence Griffith-Joyner, 10.49, Indianapolis Julai 1988. Mwanangu alinionyesha habari zake nikamuuliza kitu kimoja tu, upepo ulisomaje, akasema sifuri. Sawa. Halafu akasoma mbele, pembeni ya njia ile ile kulikuwa na watu wanaruka miruko mitatu, kipima upepo chao dakika zile zile kilisoma mita 4.3 kwa sekunde. Nikamwambia simamisha hapo hapo. Mwanangu, upepo haufanyi hivyo. Mi nakwambia kwa ngozi yangu. Unaweza kubadilika ghafla, unaweza kuja kwa mapigo, lakini ukae kimya kabisa huku na hatua chache pembeni bendera imenyooka, hapana. Sheria yao mwisho ni mita 2 kwa sekunde, huo ni upepo wa kuusikia usoni na majani yakachezacheza. 4.3 ni ule ambao kile kitambaa tunachofunga juu ya mlingoti kinanyooka hakishuki.

Na kesho yake kwenye fainali, kipimo kikasoma 1.2, kihalali kabisa, mama yule yule akakimbia 10.61. Ambayo nayo ilikuwa chini ya rekodi ya zamani ya Evelyn Ashford ya 10.76! Kwa hiyo alikuwa na kasi ya kweli kuliko wenzake wote, hilo halina ubishi. Lakini 10.49 ile wataalamu wa takwimu wenyewe wanaiwekea alama kwamba huenda ilisukumwa na upepo, na bado ipo kwenye vitabu mpaka leo, wamekuja Elaine Thompson-Herah kwa 10.54 mwaka 2021 wameishia mlangoni. Mimi kinaniuma kile. Mtu anakimbia na kivuli.

Watu wakimzungumzia wanaingia kwenye misuli yake na sauti yake, na kwamba alistaafu Februari 1989 kabla ya vipimo vya kushtukiza kuwa vya lazima, na alikufa usingizini 1998 ana miaka 38 tu. Uchunguzi ulisema kifafa, na hakuwahi kukutwa na dawa, Mungu amrehemu, hayo sina la kusema. Mi nasema kifaa kilikosea na kifaa hakina heshima ya kulindwa.

Kocha nikuulize, uwanja wenu umelala vipi? Kama mnaanzia upande wa kusini kuja kaskazini basi mwezi huu upepo ni wa kusi, uko mgongoni mwa watoto wote. Na mlikimbia saa ngapi?


Kocha_Mikanjuni

Waaleykum salaam nahodha. Saa tisa alasiri. Na ndiyo, tunaanzia kusini. Sikuwahi kuliwazia hilo, wallahi.


Dada_wa_Famasi

Kocha salamu. Nafanya kazi duka la dawa Ngamiani, mwaka wa tisa huu, naomba niseme kwa upande wangu maana nakutana na hao vijana uso kwa uso.

Wanakuja. Si wengi lakini wanakuja, wa mpira, wa ngumi, wa gym, na siku hizi wa mbio kwa ajili ya hizi marathoni za mikoani zenye zawadi. Anakuja jioni watu wakipungua, anainama kwenye kaunta, anasema dada nataka ile sindano ya nguvu. Mmoja alikuwa na karatasi kaandika majina matatu kwa kalamu nyekundu, moja ni dawa ya pumu, moja ni ya kupunguza uvimbe, ya tatu ni homoni, nikamuuliza nani kakuandikia akasema kocha. Nilimrudishia karatasi yake na nikamweka kwenye benchi nikaongea naye nusu saa nzima. Homoni ile kwa mvulana wa miaka 19 inamwambia mwili acha kutengeneza ya kwako. Sijui alienda duka gani baada ya pale. Bado namfikiria.

Sasa kwenye swali lako. Kaka Chuma anachanganya vitu viwili na watu wengi wanavichanganya. Ferdinand Omanyala jirani yetu wa Kenya ana 9.77, Kasarani, Septemba 2021, rekodi ya Afrika. Huyu 2017 alifungiwa miezi 14 kwa betamethasoni, dawa ya kupunguza uvimbe, alikuwa na maumivu ya mgongo akachomwa sindano hospitali. Kosa ni kosa, mwanariadha anawajibika kwa kila kinachoingia mwilini, sheria ndivyo ilivyo, lakini betamethasoni ya mgongo na stanozololi ya Johnson ukiziweka kapu moja na kuandika "wote wana kesi" hujaeleza kitu.

Halafu kuna wa upande wa pili. Ruth Chepngetich, Chicago Oktoba 2024, mwanamke wa kwanza kukimbia marathoni chini ya saa mbili na dakika kumi, 2:09:56. Siku ile nililia kwa furaha mbele ya wateja. Machi 2025 mkojo wake ukakutwa na haidroklorothiazaidi, hiyo ni dawa ya presha, hapa dukani kwangu natoa kila siku kwa mabibi na mababu, inakojoza, na ndo maana imepigwa marufuku, kwa sababu ukikojoa sana kile unachokificha kinapungua kwenye chupa ya kipimo. Kiwango cha kuripoti ni nanogramu 20 kwa mililita. Yeye alikuwa na 3,800. Akaja kusema alimeza dawa ya msaidizi wake wa nyumbani. Kafungiwa miaka mitatu. Na 2:09:56 bado ipo kwa sababu mkojo ule ni wa baadaye. Kwa hiyo nikiambiwa nichague kati ya kuamini kila kitu na kukataa kila kitu, nakataa kuchagua, naangalia karatasi ya kila mmoja.

Kingine, enzi zimebadilika. Tangu 2009 kuna pasipoti ya kibiolojia, yaani hawatafuti tu dawa, wanafuatilia damu yako mwaka hadi mwaka, ikiruka bila sababu wanakuita hata kama dawa yenyewe hawajaiona. Mkojo unagandishwa unaweza kufunguliwa mpaka miaka kumi baadaye, huyo Carter aliyetajwa juu ndo alinaswa kwa sampuli ya zamani. Unatakiwa useme kila siku saa moja utakayopatikana na wapi, ukikosekana mara tatu ndani ya miezi 12 ni kosa kama la dawa. Jamaica kweli walizembea, lakini shirikisho la dunia lilikuwa na wapimaji wake kando. Hakuna hata kimoja katika hivi kilichokuwepo 1988. Kwa hiyo namba ya 2009 na namba ya 1988 siziweki mzani mmoja hata kama zote zinashangaza.


Babu_Barabara_ya_12

Wanangu hamjambo. Mjukuu ananiandikia, mi nasema.

Februari 1974 nilikuwa kijana nafanya kazi kwenye shamba la mkonge. Taarifa ya habari ikasema kijana wetu Filbert Bayi ameshinda mita 1500 michezo ya Jumuiya ya Madola kule Christchurch, New Zealand, na amevunja rekodi ya dunia, 3:32.2. Nakumbuka mzee mmoja Mmakonde aliyekuwa akikata mkonge karibu nami alisema haiwezekani, redio imekosea, Mtanzania kwa Mzungu nyumbani kwao? Na wako wengine duniani walisema vile vile, huyu kijana ametoka wapi, anaongoza toka mwanzo mpaka mwisho bila kujificha nyuma ya mtu, hakuna anayekimbia hivyo.

Lakini sikilizeni. Nyuma yake John Walker, mwenyeji, naye alipita rekodi ya zamani. Watatu Ben Jipcho wa Kenya, naye kidogo tu aipite. Bayi alikuwa ameshajulikana, mwaka mmoja kabla alikuwa anakimbia Ulaya na mbio zake ni zile zile, anatoka mbele kama anafukuzwa. Na mwaka uliofuata, 1975, akaenda Kingston, Jamaica hiyo hiyo mnayoisema, akavunja rekodi ya maili, 3:51.0. Kwa hiyo hakuotea. Mtu alipotoka kunaonekana, alipokwenda kunaonekana, na wenzake waliomkimbiza wapo karibu.

Huyu Bolt mjukuu wangu ananisomea hapa, akiwa na miaka 15 alikuwa bingwa wa dunia wa vijana mita 200, Kingston 2002, mbele ya watu wa kwao. Akiwa na 17 ana 19.93. Basi 9.58 akiwa na miaka karibu 23 si mbuyu ulioota usiku mmoja.


Chuma_cha_Pongwe

Babu shikamoo. Nakuheshimu sana kwa hilo la Bayi na mi pia najivunia. Ila hoja ya wenzake kuwa karibu ina tatizo, Seoul 1988 nyuma ya Johnson walikuwa karibu pia na wengi wa wale wanane baadaye waliguswa na habari za dawa kwa namna moja au nyingine. Karibu na mwizi si ushahidi kwamba si mwizi. Hilo la kukua taratibu nalipokea, sikuwa nimelifikiria vizuri.


Babu_Barabara_ya_12

Marahaba mwanangu. Umesema kweli hapo.


Binti_Makorora

Nimesoma yote kimya nikasema nipite, nimeshindwa.

Mi nilikimbia mita 200. Kidato cha tatu nilienda mkoani nikashinda mchujo kwa umbali ambao mtu wa pili alikuwa bado kwenye kona nikimalizia. Kabla ya fainali nikaitwa pembeni, wasimamizi wawili na mwalimu mmoja wa kike, wakaniambia kuna malalamiko kwamba wewe ni mvulana. Sitataja shule wala nani. Nilipelekwa chumba kilichokuwa na madawati yamepangwa juu ya mengine, harufu ya chaki, dirisha halina pazia na nje kuna watoto wanapita. Yule mwalimu wa kike alikuwa anatetemeka kuliko mimi. Nilikimbia fainali nikashika nafasi ya sita, na ile siku ndo ya mwisho kuvaa kaptula mbele za watu. Nina miaka 31 sasa na nina watoto wawili.

Kwa hiyo kaka Chuma, ukisema namba ikinishangaza siiamini, naomba ujue neno hilo likifika uwanjani halifiki kwa namba. Linafika kwa mtu. Linafika kwa mtoto aliyekaa chini ya mwembe.

Mimi nimesoma sana habari hizi kwa sababu ya yaliyonipata. Jarmila Kratochvílová wa Chekoslovakia ana rekodi ya mita 800, 1:53.28 toka Julai 1983, miaka zaidi ya arobaini sasa. Watu wakimjadili wanaweka picha ya mabega yake. Mabega! Marita Koch wa Ujerumani Mashariki ana 47.60 ya mita 400, Canberra Oktoba 1985. Hawa wawili hawakuwahi kukutwa na kipimo. Lakini kilichoufanya mfumo wa Ujerumani Mashariki ujulikane si sura za mabinti wale, ni makaratasi. Ukuta wa Berlin ulipoanguka zikapatikana hati za siri, nani kapewa nini, miligramu ngapi, mwezi gani, mpango wa serikali kabisa, na wengi walikuwa watoto waliambiwa ni vitamini. Mwaka 2000 wakubwa wa mpango ule walihukumiwa mahakamani. Waliodhulumiwa kwanza pale ni wale mabinti wenyewe. Kwa hiyo mi naweza kusema ile 47.60 siiamini, nikasema kwa sauti, na nisimtukane mtu.

Na jambo limeanza kubadilika jamani, Septemba 2025 Tokyo Sydney McLaughlin-Levrone amekimbia 47.78 na Marileidy Paulino nyuma yake 47.98, mbio moja! Tuliambiwa miaka yote kwamba pale hapafikiki bila dawa. Sasa tuseme nini, nao tuwaite hivyo hivyo? Viatu vimebadilika, treki zimebadilika, mazoezi yamebadilika. Tobi Amusan wa Nigeria alipokimbia 12.12 kwenye viunzi kule Eugene 2022, mchambuzi mkubwa, bingwa wa zamani, akahoji kama saa ni nzima. Upepo ulisoma 0.9. Fainali saa chache baadaye akakimbia 12.06, ile ilikuwa na upepo wa 2.5 haikuhesabiwa rekodi, lakini yule dada alikuwa ameshajibu. Hoji saa, ndiyo, hiyo ni haki yako, nahodha kahoji saa na kaonyesha ilipokosea. Lakini hoji na zile zinazokufurahisha.

Kocha, kabla ya kumjibu kuhusu Bolt, mjibu kwanza kuhusu yeye. Pima tena kila kitu, mbele yake, aone.


Chuma_cha_Pongwe

Dada pole sana. Nimesoma mara mbili. Maneno yangu nilikuwa nawaza watu wa kwenye televisheni, sikuwaza mtoto. Samahani, na samahani kwa kijana pia kocha mfikishie.


Kocha_Mikanjuni

Wadau nimerudi, leo ni Alhamisi, nashukuru kila mmoja.

Nimefanya alivyosema dada wa Makorora. Jana jioni nilimwita dogo tukaenda uwanjani wawili. Ule uwanja huwa tunaupima kwa kamba ya katani, kamba ya siku zote, ina fundo mwanzo na fundo mwisho, mita 50, unaitandika mara mbili. Nikaazima futi kamba ya chuma kwa fundi mjenzi jirani yangu. Tukaikunjua kamba yetu pembeni ya ile ya fundi, dogo kashika fundo la kwanza, mi navuta. Fundo la pili likaishia mita 47 na sentimita 60. Nikavuta zaidi, wapi. Kamba ilikaa stoo masika yote, bati linavuja, ikalowa ikakauka ikalowa, imeshikana imefupika. Kwa hiyo mita mia yetu ni mita 95 na sentimita 20. Sijui tangu lini.

Tukakaa chini tukapiga hesabu pamoja kwenye daftari lake la fizikia, ye ndo alikuwa anaandika. Zile mita karibu tano zilizopungua kwa kasi aliyokuwa nayo mwishoni ni kama nusu sekunde. Saa ya kidole dhidi ya saa ya umeme wenyewe wanaongeza 0.24. Halafu filimbi, mi nilikuwa kule mwisho nasubiri kusikia, sauti inachukua karibu 0.28 kufika umbali ule, ndo maana kwenye bastola unatakiwa uangalie moshi usisubiri mlio, hili nilifundishwa zamani nikalisahau kabisa. Jumla ikaja 11.3. Na kusi la nahodha bado hatujalitoa hapo, hatuna cha kulipimia.

Nilidhani ataumia. Aliangalia ile namba muda mrefu akauliza, kwa hiyo wale walimu walikuwa sawa? Nikamwambia walisema una miaka zaidi, una hiyo miaka? Akasema hapana. Walisema umekula dawa, umekula? Hapana. Basi hawakuwa sawa, kamba ndo ilikuwa na makosa na simu yangu na mimi. 11.3 peku kwenye nyasi, na mwanzo mbaya vile, hiyo ni yako hakuna wa kukunyang'anya. Nikamweleza na Bolt sasa, kwamba Berlin upepo ulikuwa 0.9, saa ya umeme, Tyson Gay nyuma yake 9.71, hatua 41 kwa mita mia wakati wenzake wengi wanapiga 44 au 45 kwa sababu ana mita 1.95 na bado miguu inazunguka haraka, na historia yake toka miaka 15 kama babu alivyosema. Nikamwambia na upande wa kaka Chuma wote, Carter, Powell, Gatlin, na Jamaica kutokupima, sikumficha. Nikamwambia mi naiamini, kwa haya, na siku wakifungua karatasi nyingine nitasoma. Akauliza, ye anapiga hatua ngapi. Nikasema hatujui, tuhesabu.

Alichukua kopo la chokaa akaenda mwenyewe mpaka kwenye ile mita 95, akafuta mstari wa zamani kwa mguu, tukapima kwa futi ya chuma akachora mwingine mbele.

Jumamosi hii saa kumi na mbili na nusu asubuhi tunarudia. Nahodha kama hutaenda baharini naomba uje na kile kitambaa chako na mti mmoja wa kukifungia. Dada wa Makorora nawe ukipata nafasi karibu, nina wasichana wanne wa mita 200 na hawana mtu wa kuwafundisha kona.


Nahodha_Sahare

Nitakuja inshallah. Saa hizo ni umande tu, kusi linakuwa bado halijaamka. Pumzika na hiyo simu, tafuta mtu wa pili wa kushika saa.


Binti_Makorora

Nakuja. Kona nazijua.